Pazia la Chovai

Kila Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, Hafswa huacha cherehani yake na kwenda kwa dada yake kwa chakula cha mchana. Binti yake Tima, mwenye miaka kumi na miwili, hubaki kufagia, kisha hufunga nyumba na kumfuata. Walikuwa wamehamia Kismayo hivi karibuni kutoka kisiwa cha Chovai, na cherehani ndiyo iliyowalisha.

Ijumaa moja walirudi wakakuta cherehani haipo.

"Ulifunga?" mama aliuliza.

"Nilifunga, mama."

Kufuli lilining'inia mlangoni, limefunguka lakini halikuvunjwa. Ufunguo wa pili alikuwa nao jirani yao, Bi Zuleikha.

"Mchu gani mwingine ana ufunguo?" mama alisema kwa Kibajuni, akilia. Maneno yakasambaa uchochoroni. Kufikia jioni, mwenye nyumba, aliyewapangisha wote wawili, alikuwa amemwambia Bi Zuleikha atafute chumba kwingine.

Kwao Chovai, kufunga nyumba ni kuteremsha pazia. Tima alikuwa ameteremsha pazia tu. Kisiwani jibu lake lingekuwa kweli. Hapa lilikuwa linamhamisha mtu. Aliposali Magharibi aliikosea Alhamdu, sura aliyoijua tangu utotoni. Akatoa salamu, akamshika mama mkono.

"Mama, kufuli sikulitia. Niliteremsha pazia."

Mama akajitanda. Walimwendea mwenye nyumba, akayafuta maneno yake, halafu wakaenda kwa Bi Zuleikha, wakamkuta anafunga vyombo kwa kanga. Mama akamwomba radhi.

"Asubuhi ulikuwa ukiniita dada," Bi Zuleikha alisema. "Alasiri ukawa hunijui." Akafuta macho, akamkalisha Tima. "Kule Chovai mwizi angeificha wapi cherehani ambayo kila mtu anajua ni yako? Hapa huuzwa kabla watu hawajatoka msikitini. Na wizi wa mjini una saa zake. Ijumaa uchochoro ukiwa mtupu, wizi huingia nyumbani. Jioni uko sokoni, kwenye mifuko ya watu. Ukihamia mahali, jifunze mahali hapo. Lakini ukweli hauhitaji kujifunzwa upya, mwanangu. Ni ule ule wa kwenu."

Cherehani haikuonekana. Mama akawa anashonea cherehani ya Bi Zuleikha, akidunduliza pesa za kununua nyingine.

Ijumaa iliyofuata, Tima alimpelekea Bi Zuleikha ule ufunguo wa pili, ambao jirani huyo alikuwa ameurudisha aliposhukiwa.

"Umefunga kwa Kichovai au kwa kimjini?" Bi Zuleikha aliuliza.

"Kwa kimjini, na nimelivuta kufuli."

Bi Zuleikha akacheka, akaupokea.