Arlette Anamwambia Mama Nadège Ukweli

Asubuhi mjukuu wangu Arlette humnyonyesha Divine, humfunga nepi safi, kisha hunipa nimshike. Mtoto ana miezi mitano. Arlette anapika katika restora ya Mama Nadège, karibu na bandari ya Baraka. Walipatana kazi iishe saa tisa mchana.

Lakini boti za kutoka Kazimia zikichelewa, wasafiri hufika jioni. Hapo simu inalia.

"Arlette, mutoto wangu, kuya mbio! Bantu beko na njaa!"

Akiitwa "mutoto wangu," Arlette anashindwa kukataa. Kwetu mtu hamkatalii mama. Anaenda, na Divine analia mpaka sauti inakauka. Kwa sababu mtoto hanyonyi vya kutosha, maziwa nayo yakaanza kupungua.

Jioni moja Arlette akajibu simu kwa sauti ndogo, "Mama, niko mugonjwa. Ni malaria."

Akachukua mchi, akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, huku anaimba.

Lakini hapa Baraka mgonjwa haachwi bila kutembelewa. Punde si punde, Mama Nadège huyo mlangoni, na sufuria ya supu ya samaki mukeke mkononi, bado ya moto.

"Eh! Malaria ya huku inatwangaka sombe?"

Akaweka supu chini, akaondoka bila kuaga.

"Koko, atanifukuza," Arlette akaniambia mimi bibi yake, machozi yanamtoka.

Jirani yetu Georgette alisikia yote. Yeye hufundisha akina mama kunyonyesha, pale kituo cha afya. Akaingia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama Nadège haiko mubaya," akasema. "Hajue tu mupaka yako iko wapi. Haujamwambia."

"Nimwambie je? Yeye iko sawa na mama yangu."

"Hata mama yako unamwambiaka umechoka! Enda asubuhi, mbele wateja bafike. Omba musamaha ya ule uongo. Kisha sema ile utaweza na ile hautaweza, bila kuzunguka. Halafu nyamaza, umuache ajibu."

Tukafanya mazoezi palepale. Georgette akajifanya Mama Nadège: mikono kiunoni, mashavu yamevimba. Tulicheka mpaka Divine akashtuka.

Kesho yake tulikwenda restora mimi na Arlette, Divine mgongoni mwangu. Mama Nadège alikuwa anapuliza makaa. Hakuinua kichwa.

"Mama, unisamehe, nilikudanganya," Arlette akasema. "Ukweli ni huu: mutoto anakosa maziwa. Mpaka saa tisa niko hapa, na moyo yote. Saa tisa ikipita, sitarudi tena. Lakini nitaacha sombe imeiva na samaki imekaangwa. Itabaki bugali tu."

"Na bugali atasonga nani? Mimi na haya magoti?"

Arlette akanyamaza. Mimi nilitaka kusema kitu, nikajiuma ulimi.

Mama Nadège akamtazama Divine kwa muda mrefu, akamgusa shavu.

"Kumbe amekonda hivi! Sasa ungesema tangu zamani, weye! Gatesi wa hapa nyuma anatafutaka kazi. Nitamwita kwa kazi ya mangaribi."

Sasa Gatesi ndiye anayesonga bugali ya jioni. Divine ananyonya anapotaka, maziwa yamerudi, mashavu yamejaa. Mara moja tu Mama Nadège alijisahau, akapiga simu.

"Mama, niko nanyonyesha," Arlette akamwambia.

"Haya, nyonyesha," Mama Nadège akajibu.

Na Divine hakuachia titi.