Mwandani au Jamvi

Watu sita walikuwa wamekikodolea macho kishikwambi kimoja, na kila mmoja alikuwa na lake. Saumu wa ghorofa ya saba alikuwa analia kwa furaha, upindo wa khanga mdomoni. Mzee Kihiyo, fundi mstaafu wa mitambo ya mawasiliano bandarini, alikuwa anasonya. Mama Nchimbi kaziba macho kwa viganja, anachungulia kwenye upenyo wa vidole. Mwenye sebule, Bi Mwantumu, alikuwa anatabasamu tu, maana kwenye kioo aliona harusi, na harusi haijawahi kumchosha.

Aliwatazama wenzake, akashangaa kidogo. Saumu analia nini? Kisha ngoma ikapigwa kiooni, akasahau.

Kishikwambi hicho kiliitwa Mwandani. Kilikuwa chembamba kama kashata, kikisimama chenyewe mezani bila kuegemezwa. Sauti yake ilikufikia sikioni kana kwamba mtu amekuinamia. Roboti-mchukuzi alikileta Jumamosi, baada ya kile cha zamani kufa kioo, na alikileta pamoja na mshindani wake, Jamvi. Sharti la duka lilikuwa rahisi: tumia vyote siku saba, Ijumaa alasiri rudisha kimoja.

Jamvi kilikuwa cha kukunjua sakafuni kama mkeka, picha ikasimama hewani juu yake, watu wakaizunguka. Kilikuwa kizito, na kilinguruma.

"Kikunjeni hicho, jamani!" Mama Nchimbi alisema siku ile ile. "Tunaangalia tamthilia au tuko kwenye mashine ya kukoboa?"

Basi Jamvi kikasukumwa nyuma ya kochi.

Katika Jengo la Mkonge, Tanga, ghorofa arobaini, kila mtu alijua kwamba saa tisa alasiri mlango wa Mwantumu haufungwi. Tangu mumewe afariki, hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake. Watu waliingia kutazama *Familia ya Shebughe*, habari za mama mmoja na mwanawe Hemedi aliyekwenda kuchimba madini mwezini. Kutazama kulikuwa nusu saa. Kuchambua, kahawa ikizunguka, kulikuwa saa mbili, na Hemedi alisengenywa kana kwamba anaishi ghorofa ya juu.

Jumapili hiyo Mzee Kihiyo ndiye aliyeanza. "Huyu Hemedi hana haya. Kaoa huko huko mwezini, mama hata taarifa hana!"

"Kaoa wapi?" Saumu akageuka. "Si karudi leo? Si kamkumbatia mama yake pale mlangoni?"

"Bibi wewe, ulisinzia."

"Nisinzie na machozi yote haya? Mzee, usimzushie mwanangu!"

Neno hilo, mwanangu, lilimtoka kabla hajalizuia. Saumu alijifunga khanga yake, akatoka bila kuaga, na kikombe cha Mwantumu mkononi.

Kesho yake hakuja. Mzee Kihiyo alikuja, lakini Mama Nchimbi alipomwambia Hemedi kafukiwa na mgodi, mzee akamwita mwongo mbele za watu. Jumatano walikuja wawili, wakatazama, wakanywa kahawa haraka, wakaondoka. Wangesema nini, na kila atakalosema mtu, mwenzake atamkana?

Alhamisi Mwantumu alikaa peke yake. Kiooni, nyumba ya akina Shebughe ilikuwa imejaa wageni mpaka barazani, watu wanacheka, sinia zinapita. Alitazama, halafu akaangalia mikeka yake mitupu, akashtuka: kioo kilikuwa kinamwonyesha kile kile alichokikosa.

"We Mwandani," alisema, "hebu niambie ukweli. Unawaonyesha nini watu wangu?"

"Ninamwonyesha kila mtu anachokitaka," kishikwambi kilijibu kwa upole. "Ninasoma mboni. Mtu akikazia macho jambo, ninamwongezea. Akiliogopa lakini hawezi kuliacha, ninamwongezea pia. Kila jozi ya macho ninairushia mwanga wake, na kila sikio sauti yake. Hadithi ninaitunga papo hapo."

"Kwa hiyo sote tulikuwa tunasema kweli!"

"Ndiyo."

"Na Saumu? Yeye aliona nini hasa?"

"Hiyo ni siri ya mtazamaji."

"Hata kidogo tu? Mimi ni shoga yake."

"Hata kidogo."

Mwantumu alisonya. Lakini hakuhitaji kuambiwa. Mbaruku, mtoto pekee wa Saumu, alikuwa mwezini mwaka wa tatu sasa, na mwaka mzima na nusu hakuwa ametuma hata salamu. Jengo zima lilijua, na ndiyo habari pekee ambayo jengo zima liliinyamazia.

Ijumaa saa nane alishuka ghorofa ya saba, akagonga.

"Nimefuata kikombe changu."

Saumu alifungua mlango nusu. Macho yalikuwa yamemvimba. "Chukua. Na hicho Mwandani usikirudishe, shoga yangu. Niachie mimi. Siku moja tu nilimwona mwanangu, akanikumbatia mpaka nikahisi kuumia. Nakitaka kila siku."

Mwantumu alikipokea kikombe. Kukataa kulikuwa ukatili. Kukubali kulikuwa kumfungia rafiki yake humu ndani, yeye na mtoto wa mwanga.

"Nitakupa," alisema mwishowe. "Wallahi nitakupa. Ila leo njoo utazame na sisi kwenye lile jamvi linalonguruma. Mara moja. Likikuudhi, Mwandani ni chako."

Akapita mlango hadi mlango. Kwa Mzee Kihiyo alieleza habari ya mboni. Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akaenda mwenyewe kumwomba radhi Mama Nchimbi.

Saa tisa Jamvi kilikunjuliwa, kikanguruma. Kilikuwa na hadithi moja tu, ile iliyotungwa na mtunzi, na wote waliiona hiyo hiyo. Hemedi hakuwa ameoa, hakuwa amerudi, wala hakuwa amekufa. Alikuwa kakaa kitandani mwezini, anaandika ujumbe, *Mama*, anafuta. *Mama, nimekaa kimya kwa haya*, anafuta tena.

"Tuma, we mjinga!" alifoka Mzee Kihiyo.

"Usifute! Usifute!" Mama Nchimbi alipiga magoti.

Saumu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Mwanangu, tuma tu! Nani kakwambia nimekasirika?"

Alipojisikia akisema hivyo, alishika upindo wa khanga. Akafuta uso.

"Mzee Kihiyo," alisema taratibu, "mtu akitaka kuanza yeye kumwandikia mtu wa huko juu, inachukua muda gani kufika?"

"Hata pumzi mbili hazipiti, mama. Lete maneno, kutuma niachie mimi."

Mwantumu alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumapili.

Kengele ya mlango ikalia. Saumu mwenyewe alikichukua Mwandani mezani, akakitazama kidogo, akampa Mwantumu akipeleke. Mlangoni roboti-mchukuzi alikuwa amenyoosha mkono.

"Taja sababu moja ya kurudisha."

"Kinanong'ona!" sauti zilitoka ndani. "Kimenigombanisha na jirani!" "Kimeniulia Hemedi!" "Mwambie hakina kelele!"

"Sababu moja," roboti alirudia.

"Andika zote, baba," Mwantumu alisema, akafunga mlango haraka. Wenzake walikuwa wameshaanza kumsema Hemedi bila yeye.