Meno ya Mashine Hupimwa kwa Rula

Mama Kishindo aliendesha mashine ya kuchimba mwamba. Kazi yake ilikuwa kutoboa kilima ili bomba la maji lipite. Mashine ile ilikuwa na meno sitini ya chuma, nayo yalitafuna jiwe kutwa nzima.

Kujua meno yamechakaa, alitegemea sikio. Mashine ikianza kulia, anaisimamisha. Alijivunia sikio hilo, maskini, kumbe ndilo lililokuwa likimponza. Jino lililoisha huyaachia mengine mzigo wote, nayo huvunjika. Mwezi huo mashine ilikaa bure siku kumi na moja. Msimamizi akasema wazi kwamba ikisimama ghafla tena, usukani atapewa mwingine.

Alirudi nyumbani amenuna, chakula hakipiti. Mumewe akamwita dada yake, fundi wa mitambo.

Wifi mtu hakuacha utani. Aliuliza kama siku hizi mwamba unachimbwa kwa masikio. Mama Kishindo alitaka kununa zaidi, akajikuta anacheka. Ndipo wifi akaomba kalamu.

"Jino jipya lina milimita tisini," alisema. "Likibaki sitini, litoe. Kwa hiyo una thelathini za kutumia. Pima kila jioni, uandike limepungua kiasi gani."

"Halafu?"

"Halafu unagawanya. Likipungua tano kwa siku, una siku sita. Jiwe likibadilika, piga hesabu upya. Wifi yangu, sikio linakuambia yaliyokwisha kutokea. Rula inakuambia yanayokuja."

Kesho yake akaanza, na meno mapya. Jiwe lilikuwa laini, meno yakapungua milimita mbili kwa siku. Siku ya saba wakakuta jiwe gumu, yakapungua sita kwa siku moja. Akapiga hesabu upya: zimebaki kumi na mbili, yaani siku mbili tu.

Msimamizi hakutaka kusikia. Mashine inanguruma vizuri, isimamishwe ya nini?

"Nipe muda wa saa mbili tu keshokutwa jioni, nibadilishe meno," alisema Mama Kishindo. "Nikikosea, chukua usukani wako."

Keshokutwa yake meno yakatolewa. Msimamizi alipima mwenyewe. La kwanza sitini. La pili sitini na moja. La tatu sitini. Hakuna lililovunjika. Akaangalia rula, akamwangalia Mama Kishindo, akaagiza meno mapya yafungwe.

Tangu hapo mashine haikusimama ghafla hata mara moja. Kilima kikatoboka siku tisa kabla ya wakati. Jiwe la mwisho likaporomoka, mwanga wa mchana ukamiminika ndani, na wafanyakazi wa upande wa pili wakapiga vigelegele. Mama Kishindo alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Msimamizi akawakusanya madereva wote.

"Usukani ni wa huyu mama," alisema. "Nyinyi kesho njooni na rula, awafundishe."