Kibuyu Kisichosuguliwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chemutai alikamua ng'ombe kisha akasugua kwa makaa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, vile alivyofundishwa na nyanya yake, Kogo. Siku hizi Kogo hakuweza kumeza hata ugali. Alikuwa na saratani ya koo, na Jumatatu alitakiwa aanze matibabu hospitalini.

Ijumaa, Mwalimu Omollo aliwaambia darasani kwamba bakteria huongea.

"Hawana midomo kama Kipkemoi hapo nyuma. Wanatoa kemikali. Wakiwa wachache, kimya. Wakishakuwa wengi, wote wanasikizana. Na kuna kemikali yao moja, wanasayansi wameona inafanya seli za saratani zife. Lakini hiyo ni kwa maabara, ndani ya kisahani."

Hiyo ya kisahani Chemutai hakuisikia. Akili ilikuwa imeshafika nyumbani, kwa kibuyu. Si makaa ndiyo huua bakteria? Basi hatasugua. Jioni akamimina maziwa kwa kibuyu kichafu, akakificha karibu na jiko ili bakteria wajae, waongee kwa sauti.

Jumapili baada ya kanisa akampa Kogo kikombe.

"Hii imekaaje, Chemu? Inanuka."

"Ni dawa, Kogo. Maliza tu."

Kogo akamaliza, kidogo kidogo, kwa sababu ni mjukuu aliyempa.

Jumatatu walimfikisha hospitalini akihara na kutapika. Alikuwa amelegea kama majani ya chai yaliyolala kwa gunia.

"Ni saratani imezidi," alisema Shangazi Janeffer akilia. "Daktari, tumrudishe tu nyumbani?"

Chemutai aliangalia viatu vyake. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Si saratani," alisema. "Ni mimi. Nilimpa mursik chafu."

Shangazi alimtazama hadi Chemutai akatamani achapwe. Lakini daktari aliandika dawa nyingine, na Kogo akawekewa maji ya mshipa. Matibabu ya saratani yalichelewa, na uvimbe haukungoja.

Hatimaye yalipoanza, Mwalimu Omollo alikuja wodini na chupa ya uji.

"Chemutai, kwa kisahani hata moto unaua saratani," alisema polepole. "Kazi ngumu ni kuiua na kumwacha mtu. Ukisikia habari ya dawa, sikiza hadi mwisho, halafu uliza daktari. Na ukikosea, sema. Kusema kwako ndiko kulikomfikisha leo."

Kogo alimeza uji kijiko kimoja, akafunga macho kwa uchungu.

"Na kibuyu," alinong'ona, "usugue."