Nyota Hamsini Juu ya Jeneza la Mama

Mama yangu alifariki Jumanne asubuhi, supu yake ya kabichi ikiwa bado ya moto mezani.

Alhamisi nikagundua kwamba kabla ya kufa alikuwa ameibiwa. Na mwizi alikuwa ameketi pembeni yangu, ananifuta machozi!

Ndugu zangu, sina mazoea ya kuanika mambo ya nyumbani kwangu. Naandika ili nisisahau.

Mama alikuwa na ombi moja tu. Azikwe na bendera ya kaka yake, mjomba Casimir, aliyeuawa vitani Italia.

Mwili wake uliporudishwa kwetu Pennsylvania, Marekani, mwaka 1948, bendera ile ndiyo iliyofunika jeneza. Ikakunjwa pembetatu, akakabidhiwa bibi, ikawekwa ndani ya kisanduku cha kioo.

Kwetu bendera ya marehemu haikunjuliwi. Unafuta vumbi kwenye kioo, basi.

Kumbe hapo ndipo mwizi alipopitia...

Bwana Tibbets, mwenye nyumba ya mazishi, aliikunjua amfunike mama. Akasita. Akainama, akainusa.

"Dada Nadine... mbona inanuka chai?"

"Chai?"

"Na nyota nimehesabu mara mbili. Ziko hamsini."

Mwaka 1948 bendera yetu ilikuwa na nyota arobaini na nane! Hamsini zilikuja miaka kumi na mbili baadaye.

Nikamgeukia mume wangu, Verlin. Akauachia mkono wangu.

"Labda bibi yako aliibadilisha," akasema. "Wazee nao, unawajua..."

Nilikuwa nawaza ile chai.

Verlin hukusanya bendera za mazishi ya askari, zile za vita vya zamani. Anazo saba, kwenye droo za chumba cha chini ya nyumba. Nami nilikuwa najivunia! Kanisani nilisema, "Mume wangu anawaenzi mashujaa."

Na ile sufuria ya chai nyeusi iliyokuwa haikauki mezani kwake? Nilidhani anakunywa. Kumbe alikuwa akilowekea bendera mpya, zionekane kuukuu!

Nikarudi nyumbani, nikashuka moja kwa moja. Verlin akaja mbio nyuma yangu.

"Usiziguse kwa mikono mitupu! Vaa glovu!"

"Ipi ni ya mjomba?"

"Nadine, tulia kwanza."

"Ipi, Verlin?"

"Mama yako aliwahi kuikunjua hata siku moja? Mimi ndiye ninayejua thamani yake! Unajua ilivyo adimu, bendera iliyolala juu ya jeneza kweli?"

Akainua moja kwa glovu zake nyeupe. Akaisogeza puani, akavuta pumzi, akatabasamu.

"Nusa mwenyewe. Harufu hii huwezi kuighushi."

Jamani... Mtu huyu nimelala naye miaka thelathini na moja!

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Verlin hakulijua. Bibi alishona kifungo cha koti la mjomba ndani ya pindo la bendera. Mama aliniambia nikiwa mdogo.

Nikaanza kupapasa mapindo, moja baada ya jingine.

Ya kwanza, hamna kitu. Ya pili, kitu kigumu! Nikafumua uzi. Hakikuwa kifungo.

Ilikuwa pete ya ndoa, nyembamba, imelika upande mmoja.

Ya tano ndiyo iliyokuwa na kifungo cha mjomba.

"Na pete hii ni ya nani?"

Verlin akatazama sakafu. "Ya... yule kikongwe wa karibu na kanisa. Opal."

Bi Opal! Nikakaa kwenye ngazi.

Jikoni kwa Bi Opal nakujua. Verlin ndiye aliyeniambia, "Twende tukawasaidie wazee." Mimi naoka pai ya tufaha, nakaa na mwenyeji jikoni, tunacheka. Yeye anabaki sebuleni, "anasafisha vioo" vya bendera.

"Una bahati, mwanangu," Bi Opal aliniambia. "Wangu hata kitambaa cha vumbi hakuwahi kukishika!"

Nyumba saba. Pai saba. Ya saba niliioka Krismasi, kwa mama yangu mwenyewe.

Verlin akaona nimeelewa. Akainua uso.

"Haya, ita polisi. Watauliza nani aliyekuwa anawashikilia wazee jikoni."

Nikawapigia palepale, mbele yake. Nikaanza na habari ya pai.

Jumamosi mama alizikwa na bendera ya kaka yake, kifungo kikiwa ndani ya pindo. Verlin yuko kwa ndugu yake, anasubiri tarehe ya mahakama. Polisi wamezipiga picha bendera zilizobaki, wakaniruhusu nizirudishe kwa wenyewe.

Kwenu mnaosoma: kama mna kitu cha marehemu wenu, kishikeni, kijueni kwa vidole. Sisi tuliheshimu kioo, na aliyefungua akawa mwizi.

Kesho saa nne asubuhi naenda kwa Bi Opal. Nina bendera yake, na pete nimeishonea palepale ilipokuwa. Pai sikuoka.