Pembe ya Sita

"Nani ameandika pembe ya sita?"

Bwana mpimaji aliuliza mara mbili, kidole kikiwa juu ya kitabu.  Eneo la mgodi lile, nje ya Geita, mwaka 1936, lilikuwa na kona tano tu. Sabiti, msaidizi wa mpimaji, alisoma pembe tano kwenye darubini ya kupimia. Telesphori, karani wa hesabu kutoka Ushirombo, akaandika tano. Chini ya hizo palikuwa na mstari mwingine wa penseli: digrii 182, dakika 10. Ukurasa ulinuka mafuta ya nyonyo.

"Wallahi si mimi," Sabiti alinong'ona bwana alipoondoka. "Kalamu unashika wewe."

Haukuwa mwandiko wa Telesphori. Tarakimu zilikuwa kubwa, zimelala, kama za mtoto anayejifunza. Na Telesphori alimfundisha mtoto mmoja tu, Generoza wake, aliyekufa kwa homa masika yale, akazikwa pale pale kambini chini ya mawe meupe.

Akapiga hesabu. Pembe za kona tano lazima zifike digrii 540. Zilipungua digrii mbili na dakika kumi. Akaongeza ya sita: 720 kamili, jumla inayotakiwa kwa kona sita, hata sekunde haikuzidi. Na kona hiyo ilikunja mpaka kidogo tu, kiasi cha kuliacha kaburi nje ya mgodi.

Mkewe Febronia alinusa kitabu, mafuta yale yale aliyokuwa akimpaka mtoto, akaanza kulia. "Baba Generoza, mtoto anakuomba. Mwambie bwana mrudie kupima."

"Nimwambie marehemu kashika penseli? Nitafukuzwa leo leo."

Hebu fikiri! Karani yeyote anajua: kosa la sekunde chache unaligawa kwenye kona zote, kosa kubwa unarudi porini na darubini yako. Yeye akaifuta ya sita, akagawa, dakika ishirini na sita kila kona, hesabu ikafunga, bwana akatia sahihi, na adhuhuri wachimbaji walipoinua sururu juu ya mawe meupe mnyororo wa kupimia ukaanza kujiburuta wenyewe majanini, hakuna anayeuvuta, harufu ya nyonyo ikawajaa puani, na sauti ndogo ikahesabu moja, mbili, tatu kuelekea shimo la mgodi, ikanyamaza humo.

Tangu siku hiyo Febronia alihesabu usingizini kwa sauti isiyo yake. Akaletwa mganga, Bi Kijakazi wa Tinde, akafukiza ubani.

"Wewe ni nani? Unataka nini kwa huyu mama?"

"Mimi wa kilima," jini lilijibu kwa kinywa cha Febronia, polepole. "Sitaki kitu. Mtoto alitaka kumwandikia baba yake, nikamshika mkono. Baba akafuta."

Likatoka lenyewe, bila kufukuzwa.

Febronia hakuondoka kwa mumewe. Ila hakumwita tena Baba Generoza. Alimwita karani, mpaka anazikwa.

Mpaka ule, kila ukipimwa, unapungua digrii mbili na dakika kumi. Wewe unayesomea upimaji, siku ukitumwa huko, nakuomba: usigawe. Rudia kupima.