Aliyeitikia Ni Mashine

YAH: KUCHELEWA KWA TAARIFA ZA TAA ZA KICHWANI

Ndivyo kilivyosomeka kichwa cha barua iliyomwita binamu yangu Edson kutoka Shinyanga mjini. Kwa lugha ya ofisi, "kuchelewa" maana yake mfumo ulikuwa umekufa tangu Pasaka, na sasa ni Julai. Barua ilikuwa na mihuri miwili na nakala kwa wakubwa kadhaa, mmoja wao marehemu. Edson aliisoma akicheka, akatia kompyuta kwenye begi, akapanda basi la Kahama.

Alikuwa na sababu nyingine ya kwenda. Mdogo wake, Mihayo, alichimba kwenye mgodi huohuo, mgodi wa kati nje kidogo ya Masumbwe, na ni Edson aliyemtafutia kazi. Shangazi yangu, mama yao, alikataa kwa muda mrefu. Alikubali siku Edson alipomwambia, "Mayu, kule kila mtu ana taa yenye chipu. Popote alipo chini, walioko juu wanamwona." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpa usingizi.

Walikutana getini asubuhi, Mihayo akiwa tayari na kofia ngumu, anasubiri kushuka.

"Shikamoo kaka. Umeletwa na barua au na njaa?"

"Marahaba. Nimeletwa na taa yako. Wanasema huonekani."

"Mimi? Na ubaya wote huu?" Mihayo akapiga kibati chake cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. "Jioni unaninunulia sato mzima. Fundi wa kompyuta huwezi kula dagaa na watu."

"Nitanunua. Wewe panda mapema tu."

Mihayo akainua kidole gumba, akaingia kwenye lifti pamoja na wenzake.

Chumba cha uangalizi kilikuwa na feni moja na skrini nne, na mama wa makamo aitwaye Mama Klara, aliyekaa hapo tangu mgodi ufunguliwe. Alimweleza Edson utaratibu. Kila taa ina kitufe. Mchimbaji akipata shida anakibonyeza, wito unapanda hadi kwenye foleni ya ujumbe ndani ya seva, na programu inauonyesha kwenye skrini. Mwangalizi anabonyeza "Nimesikia". Kule chini taa inawaka na kuzima mara tatu, mtu anajua hayuko peke yake.

"Mpango mzuri," Edson alisema.

"Kama anayeita anajulikana," Mama Klara akajibu, akageukia dirishani.

Edson akaanza kazi. Programu ilikuwa ya Java, na Java ni kama daktari mgeni: inajua mengi, lakini ikifika Masumbwe inahitaji mkalimani wa kusema na wenyeji. Mkalimani huyo ni faili dogo, mafundi huliita maktaba, linaloiwezesha kusema na seva kwa lugha ya mashine yenyewe. Kosa kwenye skrini lilikuwa wazi: maktaba haionekani. Akafungua folda yake. Tupu. Haikuwa imeharibika. Mtu alikuwa amelifuta kwa mkono.

"Nani aliondoa hili faili?"

"Sostenes. Fundi wa kabla yako."

"Kwa nini?"

"Aliacha kazi siku hiyohiyo. Hakuulizwa."

Kwenye flashi yake Edson alikuwa na maktaba hiyo, ila ya biti thelathini na mbili, wakati Java ile ilikuwa ya sitini na nne. Mkalimani Mhaya kwa bibi wa Kisumbwa. Ikakataa. Akatafuta ya kufanana, akaiweka, akaielekeza programu kwenye njia sahihi. Sasa mkalimani yupo, lakini muunganisho unakataliwa. Mlango wa seva ulikuwa umefungwa, nao kwa mkono. Akaufungua. Mchana ulikuwa umeshaingia. Nje jua lilikuwa linaunguza mabati.

Foleni ikafunguka.

Wito ulishuka kwenye skrini kama mtama kutoka gunia lililopasuka. Maelfu. Edson alidhani ni takataka za miezi iliyopita. Akasoma mstari mmoja, akasoma mwingine. Yote ilikuwa ya taa moja. Yote ilitoka Handaki la Nne.

"Handaki la Nne liko wapi?"

"Liliporomoka mwaka jana," Mama Klara alisema kwa sauti ya chini. "Likazibwa kwa zege. Hiyo ni taa ya Januari, mchimbaji aliyepotea Pasaka. Hatukumtoa."

Edson akasogeza kiti. Akasema labda ni maji yamegusa chipu. Betri, pengine.

"Betri ya taa inakaa zamu moja, mwanangu."

Ujumbe wa mwisho kwenye orodha ulikuwa umetumwa dakika hiyohiyo.

Tatizo la kifundi lilikuwa jepesi. Ujumbe usiokiriwa kupokelewa haufi. Unarudi mbele ya foleni na kutumwa tena. Kwa kuwa Mama Klara hakuwahi kumbonyezea Januari "Nimesikia", wito wake ulikuwa umesimama mlangoni, na taarifa za walio hai zimekwama nyuma yake. Mihayo alikuwa miongoni mwao. Kwenye skrini, hakuwepo.

"Mjibu basi, mama, foleni ipite."

"Wewe ni Msukuma?"

"Ndiyo."

"Bibi yako hakukwambia? Ukiitwa na usiyemwona, huitikii."

Hapo akaingia Bwana Maduhu, meneja wa usalama, jasho shingoni. Mkaguzi wa migodi alikuwa ameshafika getini. Akaangalia skrini nyekundu, akamwangalia Edson.

"Mkaguzi haulizi nani anaita. Anaangalia kijani. Nipe kijani."

Edson hakumjibu Januari. Hilo alilishikilia baadaye mbele yetu sote, kana kwamba lingemsaidia. Alibadilisha mpangilio mmoja tu: programu ikiri kupokea yenyewe, bila kumngoja mtu. Akaiwasha upya.

Mashine ikaitikia.

Foleni ikaporomoka hadi sifuri. Handaki la Nne likanyamaza. Majina ya walio chini yakatokea, moja moja, la Mihayo likiwemo, Handaki la Tatu, kijani kabisa. Edson akaegemea kiti. Mkaguzi akaingia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba soda. Mama Klara hakugeuka kutoka dirishani. Alikuwa ameziba masikio.

Zamu ikaisha. Lifti ikapanda. Edson alisimama getini na hela ya samaki mfukoni, akihesabu nyuso.

Mihayo hakuwemo.

Walishuka kumtafuta. Handaki la Tatu lilikuwa kavu. Sururu imeegemea ukuta. Kibati cha michembe kiko wazi, kimeliwa nusu. Alama za viatu zilitoka hapo, hatua za mtu anayetembea bila haraka, hadi kwenye zege la Handaki la Nne. Hazikugeuka.

"Vunjeni," Edson alisema.

"Inataka kibali," Maduhu akanong'ona. "Kibali kinataka mtu aliyepotea. Na hesabu ya taa imekubali. Walioshuka na waliopanda wako sawa."

"Sawa vipi? Nani amepanda?"

Maduhu akamshika mkono. Akampandisha hadi chumba cha taa, wachimbaji wanapotundika taa zao. Kwenye ndoano ya Januari, iliyokuwa wazi tangu Pasaka, ilining'inia taa. Ilikuwa na tope bichi. Kioo chake kilikuwa cha moto.

Hakuna aliyemwona aliyeileta.

Edson alikimbia kurudi kwenye skrini. Mstari mmoja mwekundu ulikuwa unamsubiri. Taa ya Mihayo. Handaki la Nne. Kabla hajafika mezani, mashine ingemwitikia huyo naye. Lakini Mama Klara alikuwa ameshachomoa waya unaokwenda kwenye seva.

"Niache nimjibu. Ni mdogo wangu."

"Sostenes alimjibu shemeji yake, aliyefukiwa Handaki la Nne," Mama Klara alinong'ona. "Siku hiyohiyo Januari akaenda kwenye zege."

"Na shemeji yake alipanda?"

"Taa ilipanda."

Edson akavuta kibodi. Kisha akafuta faili la maktaba kwa mkono wake mwenyewe, kama Sostenes.

Shangazi hakuruhusiwa kuweka matanga. Barua ya mgodi, yenye mihuri miwili, inasema kijana wake alitoka salama na haijulikani alikoelekea. Wakamshauri aulize Mwadui au Isaka, vijana hupenda kuhamahama. Taa ya Januari bado iko kwenye ndoano. Hakuna anayeichaji, na haijapoa. Seva nayo inawaka kidogo kila wito unapoingia, na foleni inajaa.

Ripoti inasema kosa la muunganisho limetatuliwa. Kilichotokea ni kwamba Mihayo alishuka asubuhi, na hakupanda.